Siku Tulipotoa Upepo Njia ya Mlali

Gari lilizimika mara ya kwanza tukiwa bado kwenye lami, na mjomba akasema linapumzika tu. Lilipozimika mara ya pili tulikuwa tumeshaiacha barabara ya Iringa na kushika njia ya vumbi ya kwenda Mlali. Alizungusha ufunguo. Injini ikanguruma, ikakohoa kama mtu aliyepaliwa na uji, ikanyamaza. Akarudia. Ikanyamaza mapema zaidi.

Niliangalia milima. Wingu lilikuwa limekaa kwenye mabega yake, na mahali fulani chini ya lile wingu bibi yangu alikuwa ameshatolewa ndani ya nyumba yake, amelazwa kwenye machela na kuteremshwa mabegani mwa wanaume wa kijiji. Walikuwa wanamleta Mlali. Sisi tulitakiwa tuwe tumefika kabla yao.

Bibi alikuwa ameanguka shambani kwake, kwenye mteremko wa maharage, na tangu siku hiyo mguu wake wa kulia haukukubali kubeba kitu. Kukaa hakuweza. Alilala ubavu mmoja, mama akimgeuza na kumkanda kwa maji ya moto. Majirani walikuja kumpa pole na kila mmoja aliondoka akisema jambo lile lile: mama mzima hawezi kuteleza kwenye shamba alilolilima tangu usichana wake, huo ni upepo. Kwa watu wa kwetu mtu akianguka ghafla, au mdomo ukimwendea upande, au kiungo kikifa, husemwa amepigwa na upepo. Haulizwi zaidi. Anatafutwa anayejua kuutoa.

Mimi niliuliza zaidi. Nilikuwa nimemaliza digrii ya kilimo wakati ule ule serikali ilipoacha kuwapangia wahitimu kazi, kwa hiyo nilikuwa na cheti, kitanda nyumbani kwa mjomba huko Kihonda, Morogoro mjini, na muda mwingi wa kubishana na watu. Nilipanda mlimani, nikaketi karibu na kitanda cha bibi, nikamwambia kwamba mfupa umevunjika na mfupa unahitaji picha, si mvuke wa majani.

"Nani kakwambia ni mfupa?" akauliza.

"Na wewe nani kakwambia ni upepo? Uko wapi huo upepo, bibi? Nionyeshe."

Alicheka hadi maumivu yakamkamata. Bibi yangu alikuwa akiniita mke mwenzake, kama bibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na alinitania hata akiwa hoi. "Mke mwenzangu, ndiyo maana huolewi. Mwanamume atasema usiku umeingia, wewe utamwambia akuonyeshe ulipoingilia."

Hata hivyo, baada ya siku chache alikubali kwenda hospitali ya mjini, kwa sharti moja. Atateremka mara moja tu. Akifika Mlali na gari halipo, atarudishwa kwake, na mtu asimtajie tena habari ya hospitali mpaka afe. Mama alimbembeleza, akakataa kulegeza. Tulimjua. Mwanamke yule aliwahi kumaliza miaka bila kusema na dada yake kwa sababu ya jembe.

Gari lilikuwa la mjomba, na ndilo pekee tulilolijua lenye kitanda. Lilikuwa nyumba kabisa: nyuma kitanda, katikati jiko dogo na makabati, mbele viti viwili na usukani. Lilifika Morogoro na Wazungu wawili, mume na mke, waliotaka kuizunguka Afrika yote, wakachoka wakiwa katikati. Walimuuzia mjomba, wakapanda ndege. Zamani jambo kama hilo lingehitaji vibali na maelezo, lakini ilikuwa imeshaingia enzi ya ruksa; mtu alinunua alichoweza. Mjomba alikuwa amestaafu udereva kwenye mashamba ya miwa, na alitaka kuligeuza gari mgahawa, awauzie chai na maandazi wafanyakazi wa viwanda. Gari likafika, viwanda vikaanza kufungwa. Likabaki uani, watoto wa mtaa wakiliita Nyumba Ndogo, jina ambalo mkewe mjomba hakulipenda hata kidogo.

Siku ile tulikuwa watatu: mjomba, mimi, na fundi wake. Fundi alikuwa Mnyamwezi, mtu mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya reli, aliyeletwa Morogoro na kazi ya kiwandani, na kiwanda kilipofungwa akafungua gereji yake chini ya mabati. Yeye na mjomba walitaniana kikabila toka asubuhi mpaka jioni.

"Fungua, Mluguru, nione ulichoua," alisema.

Injini ya gari lile ilikaa ndani, katikati ya viti viwili, chini ya kifuniko. Mjomba alifungua vibanio, joto likatupiga usoni. Fundi aliingiza mkono ubavuni mwa injini akashika kitu cha ukubwa wa ngumi chenye kimkono cha chuma. Alikibonyeza kile kimkono kwa kidole. Kilicheza huku na huku kama jino la mtoto.

"Pampu ndogo," akasema. "Si nilikwambia? Tazama, inatona."

Kweli, dizeli ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye kitundu chini ya pampu.

"Pampu ndogo inafanya nini?" niliuliza.

"Inavuta mafuta kutoka kwenye tangi, inaipelekea pampu kubwa. Ndani ina mpira unaopanda na kushuka. Mpira umechanika, sasa haivuti mafuta, inavuta upepo. Injini imekula upepo."

"Upepo," nikasema.

"Ndiyo, upepo. Dada, wewe ulizaliwa na swali mdomoni?"

Alikuwa amekwisha kumwambia mjomba habari za ile pampu tangu ilipoanza kutona, na mjomba alikuwa amekwisha kununua mpya, kwenye mojawapo ya yale maduka ya spea yaliyochipuka mjini kila upande. Ilikuwa kwenye droo ya jikoni, pamoja na vijiko, ndani ya boksi lake la rangi. Hakuifunga. Mjomba aliamini kwamba kitu kinachofanya kazi hakifunguliwi, hata kama kinalia. Nilikuwa nimemuuliza, je, kikifa siku tunayokihitaji? Akanijibu nisiite mabaya. Sasa aliivuta ile droo bila kunitazama, akatoa boksi.

Jua lilikuwa limeshapanda. Akatokea mtu wa baiskeli akielekea Mlali, matenga matupu yamefungwa nyuma. Alikuwa ametoka kuuza nyanya. Mjomba alimsimamisha.

"Ndugu yangu, ukifika Mlali, pale madukani utakuta watu na mgonjwa kwenye machela. Waambie wasiondoke. Waambie nimekwama hapa njiani kwa ajili ya upepo, tunautoa, tukimaliza tunakuja."

"Upepo?" yule mtu akauliza.

"Upepo. Fundi ninaye, anautoa sasa hivi."

Mtu wa baiskeli alimtazama mjomba, akamtazama fundi, akasema, "Poleni sana," kwa sauti ya chini kuliko nilivyotarajia, akaondoka akikanyaga pedali kwa nguvu. Nilifikiri ana haraka zake.

Fundi alianza kazi. Alifungua mabomba mawili ya mafuta, akaziba kila moja kwa kipande cha sabuni ya kufulia alichokikata kwa kisu cha jikoni. Boliti zilikuwa mbili. Ya mbele ilitoka kwa spana. Ya nyuma ilikuwa imejificha kati ya injini na ukuta wa chuma, na mkono wa fundi haukupita. Mjomba akajaribu, akatoka na ngozi imechubuka.

"Lete mkono wako mwembamba, dada," fundi akasema. "Leo elimu itashika spana."

"Elimu ipo kichwani, huu ni mkono tu," nikamjibu, nikauingiza. Sikuona kitu. Niliisikia boliti kwa vidole, nikaielekeza spana kwa kupapasa, nikasukuma kidogo kidogo, robo ya robo. Dizeli ilinitiririkia mpaka kwenye kiwiko. Kila nilipopumzika niliangalia ile njia ya vumbi inayokwenda Mlali, na kila mara haikuwa na mtu. Nilimwona akilini bibi akilitazama jua kutoka kwenye machela yake. Nilijua anavyolitazama jua. Kwake lile ndilo saa, na lilikuwa linatembea.

Pampu ya zamani ikatoka. Fundi alikwangua mabaki ya gasketi kwa kile kile kisu, akapaka grisi gasketi mpya, akaweka pampu mpya, mimi nikarudisha boliti ya nyuma kwa kupapasa. Mabomba yakafungwa. Fundi akavuta pumzi, akabonyeza kimkono cha pampu mpya.

Kikacheza huku na huku kama jino la mtoto.

Alibonyeza tena, mara nyingi, usoni akizidi kuwa mweusi. "Feki," akasema. "Wametuuzia feki! Nilijua tu, boksi zuri namna hii."

Mjomba aliketi kwenye ngazi ya mlango, kofia mkononi. Sijawahi kumwona amekaa vile. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli katika ukoo, na huyu alikuwa mtoto wa kiume pekee wa bibi. Kama mama yake angerudishwa mlimani kwenda kulala ubavu mmoja mpaka mwisho, ingekuwa kwa sababu ya kitu kilicholala na vijiko. Hakuhitaji mtu amwambie.

Mimi pia niliamini ni feki. Kila kitu kilichoingia nchini miaka ile nilikishuku kwanza. Lakini siwezi kushuku upande mmoja tu, ndiyo tabia yangu mbaya, na nilikuwa nimeishika ile pampu mkononi kabla haijaingia. Kimkono chake kilikuwa kigumu.

"Fundi, injini ikiwa inatembea, nani anaisukuma hii pampu?"

"Shafti ya ndani. Ina nundu. Ikizunguka, ile nundu inasukuma mkono wa pampu."

"Na ikisimama?"

"Inasimama popote."

"Sasa kama imesimama nundu ikiwa juu, imeshausukuma mkono mpaka mwisho, wewe kwa kidole utasukuma nini?"

Fundi alifungua mdomo. Mjomba aliinua kichwa. Halafu wote wawili walisema kwa pamoja, "Gusa ufunguo!" na mjomba akaruka kwenye kiti, akagusa stata kidogo tu, injini ikajigeuza nusu mzunguko ikaacha. Fundi akabonyeza kimkono. Kikakataa. Akabonyeza kwa nguvu, na tukasikia ndani ya bomba mlio mdogo wa mafuta yakivutwa. Sidhani kama nimewahi kuufurahia mlio wowote kama ule.

"Swali hilo nimelipokea," fundi akasema. "Mengine yote nakurudishia."

Hapo ndipo tuliposikia kilio.

Kilitoka upande wa Mlali. Wanaume wanne walikuwa wakija karibu kukimbia, machela mabegani, wengine wakiwafuata wakisubiri zamu, na mbele yao mama yangu, kanga imefungwa kiunoni, mikono kichwani, akilia, "Kaka yangu jamani! Kaka yangu!" Mjomba alishuka kwenye gari, dizeli imemfika begani, akasimama katikati ya njia. Mama alipomwona alisimama ghafla hivi kwamba wabebaji nusura wamgonge.

"Umesimama?" akasema.

"Nimesimama. Kuna nini?"

"Mdomo wako mzima? Hebu sema."

"Si nasema? Nani kafa?"

"Wewe! Tumeambiwa umepigwa na upepo, umelala njiani, kuna fundi anautoa!"

Kisha fundi wa Kinyamwezi akaanza kucheka, akishikilia mlango wa gari asianguke. "Fundi ni mimi! Mganga wa Waluguru! Leteni na kuku!"

Mama alifungua kanga kiunoni akaanza kumchapa nayo kaka yake mgongoni, machozi bado yanamtoka. "Nimelia kuanzia Mlali! Watu wote wa njiani wameniona! Nirudishie machozi yangu, mtu mzima hovyo! Upepo, upepo! Huwezi kusema gari bovu?"

"Na mama je?" mjomba akauliza huku akijikinga. "Nani kawaambia mmlete huku?"

Mama alishusha mkono. Ndipo tukajua. Walikuwa wamefika Mlali, wameketi kwenye baraza ya duka, na bibi alilitazama jua likipita pale alipoweka kikomo cha kungoja. Alisema mara moja tu, "Nirudisheni." Mama alipiga magoti, hakusikilizwa. Wabebaji walikuwa wameshainyanyua miti, nyuso zao zimeelekea mlimani, baiskeli ya matenga ilipofika na habari zake. Mama akapiga yowe. Bibi hakupiga. Aliuliza, "Wapi?" akaelezwa. Akawaambia wabebaji, "Geuzeni. Nipelekeni kwa mwanangu."

Sote tuliigeukia machela. Bibi alikuwa amelala ubavu, blanketi mpaka kifuani, jasho la maumivu usoni, maana kukimbizwa njia ile haikuwa kazi ndogo kwa mwenye mguu kama wake. Alikuwa anamtazama mwanawe toka kofia mpaka viatu, polepole.

"Shikamoo mama," mjomba akasema.

"Marahaba. Unanuka taa." Kisha akanitafuta kwa macho. "Mke mwenzangu. Hata wewe umo? Shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sasa huo upepo uko wapi? Mmenikimbiza na mguu huu. Nionyesheni."

Sikuweza kujizuia kucheka. Fundi, ambaye hakujua habari zetu za nyuma, alilichukua swali lile kama lilivyo. "Bibi, uko humu, bado hatujautoa. Ingia uuone."

Wanaume waliinamisha machela wakaiingiza kwa mlango wa nyuma, wakaitelezesha juu ya sakafu kati ya kitanda na jiko hadi kichwa cha bibi kikawa karibu na viti vya mbele. Fundi alilegeza skrubu ndogo juu ya filta. Mimi nikashika kimkono cha pampu, nikaanza kupiga. Mara za mwanzo hakikutoka kitu. Kisha pale kwenye skrubu yakaibuka mapovu, meupe, mengi, yakivimba na kupasuka, yakinong'ona kama sufuria inayotaka kuchemka.

"Ndio huo, bibi," fundi akasema. "Ulikuwa umeingia ndani ukazuia mafuta. Unauona unavyotoka?"

Bibi aliinua shingo. Aliyatazama mapovu kwa makini sana. Mimi niliendelea kupiga, kidole gumba kinaniuma, nikamsikia akisema nyuma yangu:

"Uliniambia nikuonyeshe. Haya, tazama."

Nilitazama, nikazidi kupiga. Mapovu yakapungua, yakawa moja moja, kisha dizeli ikaja safi, laini kama uzi, na fundi akakaza skrubu. Tulifanya vile vile kwenye pampu kubwa. Mjomba akapanda kwenye kiti, akasema bismillahi, akazungusha ufunguo.

Injini ilizunguka, ikashika, ikayumba. Fundi aliinua kidole juu kama anayeonya mtoto. Ikayumba tena, halafu ikatulia, ikanguruma bila kukohoa, na vijiko vikaanza kulialia kwenye droo. Wabebaji walishangilia huko nje. Mama aliketi kwenye sakafu kando ya bibi, akaufunika uso kwa ile kanga aliyompigia kaka yake, na safari hii alilia kimya kimya, bila kuogopa.

Walimhamishia bibi kitandani. Wanaume wa kijiji waliagana naye mmoja mmoja, na yeye akawapa maagizo: maharage yapaliliwe, kuku mweusi asichinjwe. Alizungumza kama mtu atakayerudi. Mjomba aligeuza gari kwa kwenda mbele na nyuma kwenye njia nyembamba, mguu hautoki kwenye mafuta.

Hatukuzima injini. Tulipoingia lami hatukuizima, tuliposimama kumpa bibi maji hatukuizima, na mtu mmoja alipotupungia kutaka lifti mjomba alimpita kama hakumwona. Wote tulikuwa tunausikiliza ule mlio. Hata fundi aliacha kutania. Tulifika hospitali, geti likafunguliwa, tukasimama mbele ya baraza ambapo manesi walileta kitanda cha magurudumu. Injini iliendelea kunguruma. Mlinzi akaja akagonga kioo.

"Mzee, zima gari, wagonjwa wanalala."

"Sasa hivi," mjomba akasema. Mkono wake ulikuwa kwenye ufunguo, haugeuki. Alinitazama mimi, akamtazama fundi. Fundi akatazama dari.

Bibi alikuwa ameshashikwa mabegani na miguuni, tayari kuhamishwa. Aliwaambia manesi wangoje. Alinyoosha mkono, lakini haukumfikia mwanawe, ukashika bega langu lililokuwa karibu zaidi, lililolowa dizeli.

"Zima, baba," akasema. "Tumefika."

Mjomba akazima.